Mabano na Mkwaju wa Binamu

Mume wangu anaitwa Mabano. Jina alilopewa na wazazi wake limo kwenye vyeti, na huko ndiko linakoishia. Karakana nzima inamwita hivyo kwa sababu ya zile alama mbili zilizojikunja, moja ya kufungua na nyingine ya kufunga, ambazo amezimwaga katika lugha aliyoitunga mwenyewe. Lugha hiyo inaitwa Sindano. Haizungumzwi. Tunaiandika kwenye kompyuta, na kompyuta inaziambia mashine za kutarizi zishone ua gani, wapi, kwa uzi wa rangi gani. Mimi naiita mke mwenzangu.

Aliitunga mwaka ule tulipooana, na tangu hapo nimeishi ukewenza. Sindano ikigoma, mwanamume anaacha chakula mezani anakwenda kuiuguza. Mimi nikiugua ananiuliza kama nimekunywa maji. Na mke mwenzangu huyo ana maringo! Ukiandika kitu asichokijua, hakuambii umekosea nini. Anataja mstari, kisha anakuandikia kwenye kioo: "Hapo umeniacha. Rudi nyuma kidogo." Basi. Utadhani bibi harusi aliyekanyagiwa gauni. Sisi washonaji ndio tunaoandika nakshi zetu, kila mtu na kompyuta yake kando ya mashine yake, kwa hiyo maneno hayo tunayaona kutwa. Nimeyatukana kwa sauti, nimeyatukana kimoyomoyo, na mara moja niliyatukana bosi akiwa nyuma yangu, nikajitia kukohoa.

Nayasema haya ili ieleweke kwamba wivu naujua. Nimelala nao chumba kimoja. Ndiyo maana ulipomwingia mume wangu niliutambua ukiwa bado mlangoni, yeye hata hajaukaribisha kiti.

Uliingia pamoja na Binamu. Ni mtoto wa mjomba wake, kwa hiyo kwangu mimi ni wifi, lakini karakanani kila mtu alichukua jina analoitwa na Mabano, na Binamu akawa binamu wa wote. Alikuja kwetu hajui hata kuwasha mashine. Mabano akamshika mkono, akamfundisha Sindano alama kwa alama, na jioni nyumbani akawa ananitambia. "Umeona yule binti? Damu yetu ile. Kichwa kama changu." Nami nilijua tangu siku hiyo kwamba kichwa kama chako ni kizuri mpaka kianze kufikiri.

Kikaanza. Nakshi zetu nyingi hupangwa ghorofa ghorofa: ua juu, jani chini yake, chini ya jani wimbi, na chini kabisa pindo. Kwa Sindano ya mume wangu ilibidi uandike hivi:

weka_juu(ua, weka_juu(jani, weka_juu(wimbi, pindo)))

Na hiyo ni nakshi ndogo. Pazia huwa na ghorofa nyingi zaidi, na ukifika mwisho wa mstari unafunga mabano, unafunga, unafunga, mpaka kidole kinakufa ganzi. Ukisahau kufunga moja tu, mke mwenzangu anakujulisha kwamba umemwacha. Siku moja wakati wa chai Binamu alisimama kwenye ubao tunaoandikia zamu za mashine, akafuta pembe moja, akaandika:

ua / jani / wimbi / pindo

"Mkwaju," alisema, akigonga ile fimbo iliyoinama. "Alama mpya. Kilicho kushoto kinakaa juu ya kilicho kulia. Hakuna zaidi."

Bi Mkasi, mama mtu mzima anayekata nyuzi zinazoning'inia, alikuwa akikataa kujifunza Sindano kwa sababu mabano yanampa kizunguzungu. Aliuangalia ubao huku anatafuna. "Ua juu ya jani, jani juu ya wimbi," alisema. "Mbona hiki hata mimi nakiona?"

Watu wakapiga makofi. Mabano alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili, akakishika hivyo hivyo mpaka chai ikapoa.

Kuongeza alama mpya kwenye Sindano kulikuwa mikononi mwake peke yake. Yeye ndiye aliyeishona, yeye ndiye mwenye kuifumua, na kila tuifunguapo asubuhi inatuandikia juu kabisa: "Sindano. Mkono wa Mabano." Miaka yote hiyo alikuwa ameruhusu alama moja tu ya kuunganisha, ile ya kujumlisha, inayoweka vitu ubavu kwa ubavu: ua + jani. Nayo alijiruhusu mwenyewe.

"Alama ni kama kuoa," alimjibu Binamu mbele yetu. "Kuingiza ni siku moja. Kutoa ndiko kusikowezekana. Nakshi zikishaandikwa kwa mkwaju, nikija kuuondoa zote zinakufa."

"Kwani tutauondoa kwa nini, binamu?"

"Na mgeni je? Akiona weka_juu anasoma neno, anaelewa. Akiona fimbo imelala hapo, amuulize nani?"

"Bi Mkasi hakumuuliza mtu."

Tukacheka. Hapo nikaona shingo ya mume wangu inatuna, maana alikuwa na kombora la mwisho, na mtu mwenye kombora la mwisho hapendi watu wacheke kabla. Akaenda ubaoni, akaandika ua + jani / wimbi. "Haya. Wimbi linakaa chini ya vyote viwili, au chini ya jani peke yake? Nani anajua? Mimi sijui. Mashine itajuaje?"

Lilikuwa swali zuri. Binamu akakuna sikio kwa kalamu. "Isijue," alisema. "Mtu akichanganya hizo mbili bila mabano, Sindano ikatae, imwambie aweke mabano aseme anachotaka. Mabano yako yabaki pale yanapohitajika tu."

Nilikuwa nimesimama karibu nikamwona Mabano anavyomeza mate. Jibu lile lilikuwa lake. Namaanisha lilikuwa la namna yake hasa, fupi, safi, lisilo na makeke, jibu ambalo angelitoa yeye miaka ile alipokuwa anaitunga lugha na kuiimbia. Limetoka katika mdomo wa mtu mwingine. Akachukua kifutio, akafuta ubao wote, pamoja na zamu zetu za mashine, ikabidi tuanze kuulizana nani yuko wapi.

"Kilichopo kinatosha," alisema.

Sababu zake zote zilikuwa za kweli, na mimi ningezitetea mbele ya mtu yeyote. Tatizo ni kwamba hakuzitafuta ili apate ukweli. Alizitafuta kama mtu anayetafuta fimbo, na ya kwanza iliyokuja mkononi akapigia.

Tangu hapo nyumbani kukawa hakukaliki. Nikipakua chakula ananiuliza, kama mtu asiyejali, "Leo walikwenda mezani kwake tena?" Walikwenda. Watu walikuwa wakimpelekea Binamu nakshi zao awasaidie, na zamani walikuwa wakimletea yeye. Bosi akimsifu Binamu, Mabano anasema bosi hajui kitu. Bosi akimsifu yeye, anasema anasifiwa kwa kuhurumiwa. Akaanza kumtafutia makosa hata ya kikombe: Binamu haoshi kikombe, Binamu anacheka kwa sauti, Binamu anavuta kiti kikipiga kelele. Nikamwambia, "Baba watoto, sema tu roho inakuuma." Akaniambia roho yake haina habari na vikombe vya watu, akala nusu, akasukuma sahani.

Nilimhurumia, na sikumhurumia. Nilifurahi kidogo, kusema kweli. Mwaka nenda mwaka rudi nilikuwa nimeketi upande ule wa meza, nikimtazama anavyomwangalia mke mwenzangu kwa macho ambayo mimi niliyaona mara ya mwisho kwenye picha za harusi. Sasa naye ameonja.

Bosi ndiye aliyeufikisha mchezo ukingoni. Bosi wetu hana muda wa hadithi ndefu. Alituita karibu na dirisha, akasema mashine mpya ziko njiani, na zinakuja na lugha yao, tayari, na mafunzo juu. "Mimi naipenda Sindano, imetulisha. Lakini nasikia mistari inachosha, na nyinyi wawili hampatani. Ama lugha hii ikue, ama niitupe tutumie ile inayokuja. Mabano, ni yako. Amua."

Mtu mwingine angelegea. Mume wangu alifura. "Nipe pazia la ile hoteli iliyotuletea oda," alisema. "Pazia zima, ghorofa zote. Nitaliandika kwa Sindano kama ilivyo, bila mkwaju wa mtu, na Jumatatu litashonwa mbele ya kila mmoja. Likishindikana, itupe." Bosi akakubali. Binamu alikuwa anaitazama Sindano kwenye kioo chake kama mtoto aliyeambiwa mbuzi wake atauzwa.

Jumapili mchana Mabano alikaa sebuleni na kompyuta yake ya nyumbani. Nilitarajia kusikia kuguna na viungo vya vidole vikilia. Nikasikia mluzi. Miezi mingi nyumba ile haikuwa imesikia mluzi. Nikampelekea chai, nikachungulia juu ya bega lake, na pale kwenye kioo, mstari kwa mstari, imejipanga kama wavulana wa gwaride, niliona mikwaju.

"Hicho nini?" nikauliza.

Akaruka kama aliyeguswa na pasi. "Najaribu tu," alisema. "Nataka kuujua ubaya wake."

"Umeingiza mkwaju kwenye Sindano ya nyumbani?"

"Kwa kuujaribu! Nikimaliza kuandika, nabadilisha yote yawe weka_juu. Ni kurahisisha tu kazi ya kufikiri." Alipoona nimekaa na kumtazama, akaongeza, "Na usimwambie mtu."

"Na ubaya wake umeshauona?"

Akanywa chai yote kwa mkupuo mmoja, ingali ya moto, ili asinijibu. Nilipotoka sebuleni mluzi ulianza tena, kwanza kwa woga, kisha wazi. Jioni nilisikia amenyamaza, vidole tu vinatembea. Alikuwa anaifuta mikwaju, mmoja mmoja, na mahali pake anarudisha mabano. Uso wake wakati huo ulikuwa wa mtu anayeng'oa miche aliyoipanda mwenyewe.

Jumatatu tulisimama wote kuizunguka mashine kubwa. Bosi mbele, mikono mfukoni. Bi Mkasi alikuwa na mkasi shingoni kama kawaida, na Binamu alijiweka nyuma, karibu na mlango. Mabano alivaa shati la harusini. Akaweka pazia kwenye fremu, akapakia ile nakshi ya nyumbani kwenye kompyuta ya karakana, na kabla ya kubonyeza alitugeukia akasema, "Sindano kama ilivyo." Akabonyeza.

Mashine ikavuta pumzi, vichwa vikashuka, vikasimama. Kwenye kioo kikubwa, mbele ya bosi na ukoo mzima wa karakana, mke mwenzangu akaandika:

Mstari wa arobaini. Hapo umeniacha. Rudi nyuma kidogo.

Sote tukausoma huo mstari wa arobaini. Palikuwa na ua, palikuwa na wimbi, na katikati yao, umeinama kwa adabu, palikuwa na mkwaju mmoja uliomponyoka. Sindano ya nyumbani ilikuwa imefundishwa alama ile. Sindano ya karakana ilikuwa imenyimwa. Haikuhitaji mtu kueleza.

"Za mwizi arobaini," alinong'ona Bi Mkasi, na kunong'ona kwake husikika mpaka barabarani.

Nilitamani Mabano azime kioo. Hakuzima. Nilitamani Binamu acheke, maana kucheka kungemsaidia mume wangu kukasirika, na hasira ingembeba mpaka nyumbani. Binamu hakucheka. Alikuja taratibu mpaka mbele, akainama, akautazama ule mkwaju.

"Binamu," alisema, "huu umefikaje hapa?"

Mabano alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati la harusini. "Nimeuandika mimi. Pazia zima niliandika kwa mkwaju, kisha nikaufuta. Huo mmoja sikuuona." Akavaa miwani. "Ni mzuri. Hilo ndilo lililonishinda. Ungekuwa mbaya ningeuingiza siku ile ile, kwa kukuonea huruma."

Bosi akauliza sasa inakuwaje, maana hoteli inasubiri. Mabano alivuta kiti, akakaa, akaifungua Sindano ya karakana pale ndani kabisa ambapo hakuna mwingine aliyewahi kugusa, kisha akasogea upande na kupapasa nusu ya kiti iliyobaki. Binamu akakaa. Wakafanya kazi hapo asubuhi yote, bega kwa bega, wakigombana kuhusu mabano ya lazima na yasiyo ya lazima, na pazia likashonwa mchana, zuri, na hoteli wakalipenda. Mashine mpya zilipokuja, lugha yao ilibaki ndani ya boksi.

Kesho yake baada ya pazia kushonwa, tulipofungua kompyuta tukakuta maandishi yameongezeka. "Sindano. Mkono wa Mabano. Mkwaju: mkono wa Binamu." Watu wakashangilia, Binamu akalia kidogo na kujisingizia vumbi la uzi. Nami nilishangilia. Kisha nikakaa kwenye mashine yangu, nikayasoma tena maandishi yale, na kitu kikanichoma hapa, chini ya titi, kwa nguvu ambayo sikuitegemea.

Nilikibeba mpaka nyumbani. Nikapika nacho, nikapakua nacho. Mabano alikula vizuri siku hiyo, akaomba nyongeza, ndipo nikamwachia.

"Mwaka tuliooana," nikasema, "uliitunga lugha ile kwenye meza hii hii. Nilikumiminia chai, nikakushikia taa umeme ulipokatika, nikawa mtu wa kwanza kufundishwa. Wifi amekuja juzi, ana alama yake, na jina lake liko juu. Mimi katika Sindano nina nini? Hata nukta sina!"

Mume wangu aliacha kutafuna. Alinitazama kwa mshangao wa kweli, na mimi ninaujua mshangao wake wa uongo.

"Hujui?" alisema.

"Nijue nini?"

"Siku ya kwanza nilipokufundisha. Nilikuwa naongea mbio, nimefurahi, nachora huku nachora kule. Ukanishika mkono. Hukusema huelewi, wala hukusema nimekosea. Ulisema, 'Hapo umeniacha. Rudi nyuma kidogo.'" Akachukua kijiko tena, ameona haya. "Nikaona hakuna namna nzuri zaidi ya mashine kumwambia mtu. Nilidhani unajua. Nilidhani ndiyo maana unaitukana, kwa mapenzi."

Sikuwa nakumbuka. Hata sasa sikumbuki vizuri, nikikumbuka nahisi nimejitungia. Lakini nilikaa pale na sahani mbele yangu, nikihesabu matusi yangu yote ya miaka yote hiyo, na kila moja lilikuwa limenirudia mwenyewe. Mke mwenza niliyemchukia alikuwa anaongea kwa mdomo wangu.

Sikumwambia mtu karakanani. Nilikuwa nakosea makusudi mara moja moja, naandika weka_juu bila kufunga mabano, ili nijisikie tu.

Wiki chache baadaye, wakati wa chai, Binamu alikwenda tena kwenye ubao. Siku hizi anakwenda huko bila kuomba. Alisema amefikiri sana, na sasa ni zamu ya yale maneno. "Hapo umeniacha, hapo umeniacha! Yanamsaidia nani? Iseme wazi: alama hii haijulikani, au bano halijafungwa. Mtu arekebishe aendelee na kazi." Bi Mkasi, ambaye sasa anaandika kwa mikwaju kuliko sisi sote, akasema hata yeye yanamkera, utadhani ameiposa mashine kisha akaitoroka. Kila mtu akakubali. Binamu akanigeukia akitabasamu. "Tumwulize wifi. Yeye ndiye adui yake mkubwa. Unasemaje, wifi?"

Lilikuwa wazo zuri. Nililiona uzuri wake pale pale, fupi, safi, lisilo na makeke. Nikaweka kikombe chini.

"Watu wameyazoea," nikasema. "Na mgeni akiambiwa kwa ukali ataogopa. Na mkianza kubadilisha maneno, mtaishia wapi?"

Wakanitazama wote. Shingo yangu ilikuwa inatuna, niliisikia.

"Kilichopo kinatosha," nikasema.

Mabano alikuwa kwenye mashine ya mwisho, ameinamia uzi usiokuwa na tatizo lolote, mabega yanamtikisika kwa kicheko. Hakunisaidia hata kwa neno moja.